Raba ya Deeqa

Nilikuwa kwenye sentensi ya mwisho ya barua yangu kwa Kadhi, nikiomba talaka, stima ilipopotea. Iliporudi, ilirudi kwa nguvu, na kompyuta ikagoma. Feni ilizunguka, mashine ikalia mara tatu, skrini ikabaki nyeusi.

Nilimshukuru Mungu kwa weusi ule, maana mume wangu alikuwa ameshaingia.

"Tulia, Mama Deeqa. Hiyo ni memori tu."

Alipiga magoti, akafungua ubavu wa kompyuta, akachomoa kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Vumbi lilimwagikia kikoi chake. Akaokota raba ya penseli ya binti yetu, akaanza kuyasugua yale meno, polepole, huku akipuliza. Kwa miaka tisa, mkono ule haukuwahi kunigusa kwa upole ule.

"Ulikuwa unaandika nini?"

"Mambo ya chama cha kina mama."

"Basi usijali, kazi yako haijapotea. Stima ya huku Chechelesi unaijua, ndiyo maana niliiseti kompyuta ihifadhi kila dakika. Ikiwaka tu, itajifungua yenyewe pale pale ulipoachia."

Alirudisha kibao, akakikandamiza mpaka kikaingia. Kisha akavuta kiti, akaketi kati yangu na mlango.

"Washa sasa. Ikilia mara moja, imepona."

Niliweka kidole kwenye kitufe. Alikuwa akinitazama, raba bado mkononi.

Nikabonyeza. Ililia mara moja.