Kilio cha Mama Sidonie

Basi la Lubumbashi, ambako Blandine alikuwa ameajiriwa kuandika filamu za katuni, lingeondoka saa nne. Jana alikuwa amefunga mchezo wake wa redio kwa kumuua mhusika mkuu, Mama Sidonie, muuza samaki.

Alipofungua mlango, begi mkononi, wanawake wa Panda, mtaa wake, walikuwa wakitandika mikeka ya matanga uani.

"Tumekuya ku kilio," alisema mkubwa wao.

"Mama, ule haikuwa muntu wa kweli. Ni miye nilimuandika."

"Tunajua. Njo maana weye njo familia yake. Tuambie: alikufa na nini?"

Blandine alitua begi. Alikuwa amemuua kwa sentensi moja, bila ugonjwa, ili awahi kuondoka.

Alivua viatu, akaketi mkekani.

"Ilianza na kifua," alisema.