Karatasi Iliyopigwa Pasi

Tunu aliunga nyaya zake mwenyewe kwenye mashine mbovu ya risiti, ikachapa jina lake mara moja tu, kisha kichwa cha kuchapia kikaungua. Kikabaki kipande cha karatasi chenye jina hilo. Fundi Mbaruku, mtengeneza mashine, alikuwa ameahidi kumfundisha kazi akiona ushahidi kuwa ameifufua.

Mama yake alikikuta kimejikunja, akakipiga pasi kinyooke. Kikawa cheusi chote. Wazazi wenzangu, kuuliza si aibu. Aibu ni hii.

"Mama! Karatasi hii huandikwa kwa joto!"

"Mimi ningejuaje, mwanangu?"

"Ungeniuliza!"

Fundi akabisha hodi. "Haya, binti, kazi yako iko wapi?"

Tunu akainama. Mama akatamani ardhi ipasuke.

"Ni mimi niliyeiharibu, fundi," akasema, akamnyooshea kile kipande cheusi, bado cha moto, kimenyooka kama rula.