Nyumba Isiyo na Hodi

Siku hizi nyumba ya makumbusho haiachwi tupu. Sheria inataka ikaliwe na watu. Ndiyo maana Mwanahawa na binti yake mdogo, Rukia, wanaishi Tanga katika chumba cha zege chenye dirisha la duara, ndani ya maonyesho ya usanifu wa kisasa wa Kijapani. Wageni huvua viatu mlangoni, kama Wajapani na kama sisi, lakini hodi hawapigi. Humkuta Mwanahawa kwenye mswala, wakampiga picha.

Katika kila sijida alimwomba Mungu jambo moja tu, Rukia asisahau kwamba nyumba ina mwenyewe.

Sikukuu ya Idi walipewa ruhusa, wakaenda Pangani kwa bibi yake Rukia. Mtoto alikuwa hajawahi kufika. Alivua viatu vizuri, akaingia kimya mpaka chumbani, akasimama akimtazama bibi kitandani.

"Wee Rukia, hata hodi?" bibi alicheka. "Umelelewa na paka?"

Rukia alimgeukia mama yake, akanong'ona kwa adabu.

"Mama, huyu anaonyeshwa mpaka saa ngapi?"