Maji Kwanza

Alasiri, Izki, Oman. Mitende mitatu tu ya Ghaniya ilikuwa bado na makuti mabichi. Zamu yake ya maji aliiuza wakati mumewe alipougua.

"Nipe hiyo bastola, zamu yangu ya maji ya falaji iwe yako daima," alisema jirani, mkono mbele.

Baba yake Ghaniya aliitoa bastola hiyo Unguja mwaka wa sitini na nne, ndani ya gunia la karafuu. Nikeli ya mpini ilikuwa imelika pale alipozoea kuweka kidole gumba. Sasa cha Ghaniya kilikuwa papo hapo.

"Maji kwanza, shekhe."

"Huniamini, bibiye?"

"Mitende ndiyo isiyokuamini."

Jirani alicheka, akainama, akang'oa jiwe na matambara yaliyoziba mfereji wa falaji. Maji yakaja polepole, yakisukuma majani makavu, yakamgusa Ghaniya miguuni.

Akaondoa kidole gumba, akamkabidhi jirani bastola.