Sababu ya Rufaa

Afande Kihwelo aliinyoosha fomu ya rufaa juu ya meza ya ofisi ya gereza. "Leo ndiyo siku ya mwisho, Mbwego. Ulikiri mwenyewe kuiba mbuzi wa shule. Majaji watauliza kwa nini ulikiri kama hukuiba."

Mbwego alitazama viganja vyake. "Mama mkwe alikuwa amekaa benchi la mbele mahakamani."

"Kwani yeye ndiye aliyekiri badala yako?"

"Ningekana, ningeulizwa siku ile nilikuwa wapi. Nilikuwa hospitali, afande. Cheti kipo."

"Makubwa!" Afande alicheka. "Mtu ana cheti, anachagua miaka mitatu jela! Ulikwenda kutibiwa nini?"

Mbwego alijibu akiwa ameinama. Ilikuwa mara yake ya nne kupimwa, na kila mara daktari alimwambia kwamba hawezi kuzaa. Nyumbani hakusema neno. Aliyeitwa tasa ni mkewe, Zaituni, na mama mkwe huyo huyo ndiye aliyemzungusha binti yake kwa waganga, akimnywesha mizizi michungu. Mbwego alikuwa akimshikia kikombe.

Afande hakucheka tena. "Haya yatasomwa mbele ya watu, ndugu yangu. Na mkweo huenda akaja."

"Andika. Anza na Zaituni. Sema si tasa."

"Hiyo si sababu ya kisheria."

"Andika hivyo hivyo, afande."

Afande aliandika, kisha akamsogezea wino. Mbwego alikandamiza kidole gumba chini ya maandishi, wala hakukiinua, hata wino ulipoanza kutambaa nje ya mstari.