Laini ya Hospitali

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi, laini ya hospitali ilikatika mchana kweupe, mke wa Mzee Fyuzi akiwa juu ya meza ya upasuaji. Jenereta la hospitali likakohoa, likanyamaza. Mpaka umeme unarudi, daktari alikuwa ameshavua glavu.

Mumewe alikuwa zamu siku hiyo hiyo, kwenye kituo cha kupoza umeme kinachoilisha hospitali, na hakuwa na la kufanya. Wakubwa walikuwa wameshang'oa makabati ya chuma yaliyojaa ukuta mzima, yale aliyoyajua mpaka kwa harufu, wakaweka kompyuta moja isiyozidi sanduku la nguo. Laini ilipoanguka aliinua mkono kushika mpini wa kuirudisha. Mkono ukakamata hewa.

Baada ya mazishi alimkunja meneja shati mbele ya wageni. "Nani aliyeamuru mpini wangu uondolewe?" Kila mtu alijua mzee kazi hana tena. Badala yake akapewa chumba chake mwenyewe, kilichokuwa stoo, na meza, na skrini, na kazi moja tu: kuilinda laini ya hospitali.

"Wameniogopa," alimwambia bintiye. "Wanajua walichokifanya."

Tangu hapo hakukosa hata siku moja. Skrini ilimwonyesha kituo kizima kwa mistari, kijani penye umeme, nyekundu palipokatika. Mara kwa mara laini ya hospitali iligeuka nyekundu, naye kabla hajameza mate alikuwa ameshaibonyeza, imerudi. Jambo moja lilimkera. Zamani swichi kubwa ikijifunga au ikijifungua, uwanja wa nje uliitika kwa kishindo mpaka vikombe vikacheza mezani. Siku hizi, kimya.

"Limashine bubu," alinung'unika. "Kama waliolileta."

Aliyemtembelea ni mmoja tu, Injinia wa zamu, kijana mpole aliyekaa chumba kikubwa upande wa pili wa korido. Leo alikuja na vikombe viwili vya chai, kwa maana alijua ni siku gani. Binti wa mzee alikuwa anajifungua kwa kisu, hospitali ile ile, labda meza ile ile. Binti mwenyewe alitaka kwenda kwingine, mbali. Baba ndiye aliyemkatalia. "Jenereta lao bado bovu, wakubwa wanaahidi tu," alimwambia. "Lakini nenda, mwanangu. Laini ninayo mimi mkononi."

"Kunywa chai, mzee wangu," Injinia alisema. "Utaitoboa hiyo skrini kwa macho."

"Niache. Madude yenu haya siyaamini. Eti programu ni ya bure, haina mwenyewe, dunia nzima inaichangia. Roho za watu mnazitundika kwenye kitu cha bure?"

"Bure si takataka. Yeyote anaweza kuifungua akaona kilichomo."

"Wewe umeona kilichomo?"

Injinia akakuna kichwa. "Sehemu, mzee. Lakini uzuri wake ni kwamba inanakilika. Zamani kituo kilikuwa vyuma vitupu. Sasa kinaingia chote ndani ya kompyuta moja, hata ukitaka nakala mbili, tatu, na kila nakala inajiona ndiyo kituo chenyewe."

"Kama wakubwa zenu. Wako kumi na kila mmoja anajiona ndiye mwenyewe."

Injinia akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Mzee, kuna kitu siku nyingi nataka..."

"Nyamaza!"

Laini ilikuwa imegeuka nyekundu. Kidole cha mzee kikaruka. Kijani.

"Umeona? Angekuwa mwingine hapa angekuwa anachokonoa meno."

"Hakuna kama wewe, mzee," Injinia alisema, wala hakuitazama skrini. Akainuka. "Acha nirudi kwangu."

"Ukafanye nini? Si mnasema linajiendesha lenyewe? Kaa umalize chai. Wewe hata mtoto huna, hujui siku kama hii inavyokula mtu ndani."

Injinia akautazama mlango, akamtazama mzee anayemsogezea kikombe. Akakaa.

Wakanywa. Mzee akaanza kumsimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimcheka, eti mumewe anaipenda transfoma kuliko yeye, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akajikuta anatabasamu.

Hapo nje uwanjani kukapiga kishindo. Vikombe vikacheza mezani.

"Umesikia?" Mzee alisimama kwa furaha. "Leo limeitika!"

Injinia alikuwa amebadilika rangi. Chai ilimmwagikia mapajani na hakujifuta.

Simu ya mzee ikaita. Alikuwa mkwe wake, akipiga kelele.

"Baba, huku giza! Jenereta haliwaki! Wameshampasua, baba, wanamulika kwa simu!"

"Tulia, mwanangu. Haiwezekani. Laini iko kijani, naiona hapa kwa macho yangu."

Injinia akatoka mbio, kiti kikaanguka nyuma yake. Mzee akamfuata hadi korido, simu sikioni. Mlango wa chumba kikubwa ulikuwa wazi. Mle ndani mlikuwa na skrini kama yake, mistari ile ile, na laini ya hospitali, nyekundu, mbele ya kiti kitupu ambacho Injinia alikuwa bado hajakifikia.

"Baba?" mkwe wake alikuwa akiita. "Baba, si ulituambia leo uko zamu?"