Mguu wa Bi Harusi

Bi Zuhura aliufuta mguu wa bi harusi kwa mara ya tatu. Kila ua la hina lilipokaribia kifundo, mguu uliruka wenyewe na mchoro ukapotoka.

"Raiya, mwanangu, tulia basi. Nachora maua, sichori barabara."

Nyumba nzima ikacheka. "Huyo ana shetani," shangazi yake Raiya alisema. "Mfukizeni ubani."

"Ubani wenu umeshanichoma macho tangu asubuhi," Bi Zuhura akajibu. Harusi ilikuwa kesho, na wakwe huanza kutazama miguuni. Akamtazama Raiya usoni, akaona taya nalo linacheza. "Umemeza nini wewe?"

Raiya akanong'ona. "Vidonge vya kukondesha. Leo siku ya tano. Gauni halifungi mgongoni."

"Na usingizi?"

"Sijaupata tangu Jumatatu. Moyo unakimbia tu."

Bi Zuhura akaweka chini koni ya hina, akanyoosha mkono. Raiya akaitoa pakiti kifuani, akaing'ang'ania.

"Cha kesho niachie, Bi Zuhura. Kimoja tu."

Mkono wa Bi Zuhura ulibaki hewani, na juu ya paja lake ule mguu ukaruka tena.